Fundi Kofia na Fukusi wa Pua Pana

Ukiwauliza watu wa Bagamoyo waliomkuta uzeeni, watakwambia alikuwa mshona makuti. Wala hawakosei, maana ndiyo kazi waliyomwona nayo. Mimi nilimjua kabla ya makuti. Nilimjua akiwa fundi wa kudarizi kofia, na zaidi ya kofia, akiwa mtu pekee katika pwani ile aliyeweza kumtazama fukusi wa rangi ya vumbi, asiyezidi punje ya mpunga, akakwambia ametoka kichaka gani. Kazi zote mbili aliziacha kwa kuamini kwamba macho yake yamemdanganya. Hayakumdanganya. Aliyemdanganya ni mimi, na nalisema hilo mapema ili msomaji asije akadhani nimekaa kumsifu mtu kwa wema wangu.

Jina lake silitaji. Kituoni tulimwita Fundi, naye aliniita Karani, hata siku tulizogombana, na siku hizo zilikuwa nyingi.

Kituo chenyewe kilikuwa cha kilimo, nje kidogo ya mji ukishika njia ya Makurunge: nyumba mbili za bati, ghala moja, na vitalu vya miche ya pamba na michungwa. Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya pili. Mimi nilikuwa karani wa ofisi, mtu mzima wa miaka thelathini na moja, mwenye mke na mwandiko mzuri, na vyote viwili nikivionea fahari kupita kiasi. Mwaka huo majani ya miche yakaanza kuliwa pembeni, nusu duara hapa, nusu duara pale, kana kwamba mtu kapita na mkasi. Bwana shamba, Mzungu mmoja mpole aliyezungumza na miche zaidi kuliko alivyozungumza na watu, akagundua kuwa ni fukusi. Si yule wa mahindi tunayemjua sote, mwenye pua nyembamba ndefu. Hawa pua zao zilikuwa fupi, pana na butu. Kwao Ulaya kulikuwa na mtaalamu ambaye kazi yake ilikuwa kuwapanga wadudu wa namna hiyo ukoo kwa ukoo, akataka apelekewe. Ikatafutwa mikono ya kuwabandika juu ya vipande vidogo vya kadi bila kuwavunja miguu. Mpishi wa bwana shamba ndiye aliyesema, mleteni fundi kofia.

Basi nianze na macho yake, kwa kuwa ndiyo habari yenyewe.

Mtu asiyejua kofia ya bulibuli hudhani ni kitambaa cheupe chenye maua. Fundi aliyaona maua hayo kama matundu, kila tundu limezungushiwa uzi, na kila safu ina hesabu yake. Alikaa barazani kwake tangu asubuhi mpaka jua linapokuwa kali, kitambaa kimevutwa juu ya goti, na hakuhitaji kuchora kitu. Siku moja, tumetoka msikitini baada ya sala ya Ijumaa, alimfuata bwana mmoja mnene aliyekuwa amesali safu ya mbele yake.

"Kofia yako, safu ya tatu kutoka juu, nyuma ya sikio la kushoto, tundu moja limerukwa."

Yule bwana akavua kofia, akaitazama, hakuona kitu. Ikaja ikazungushwa kwa watu wanne, na wa nne akaliona. Watu wakacheka.

"Fundi, wewe ulikuwa unasali au unakagua?"

"Nilikuwa nasali. Kofia yake ndiyo iliyokuwa inanichokoza."

Alijivuna kwa macho yale waziwazi, bila haya. Bwana shamba alipompa kioo cha kukuzia, alikitazama, akanisukumia mimi. "Hiki mpe Karani," akasema, "asije akabandika mbegu ya papai akadhani ni mdudu." Nilichukia. Mambo kama haya madogo ndiyo yaliyonipa kiburi baadaye, ingawa sitaki kumtupia yeye mzigo wangu.

Ukimgusa fukusi wa aina ile anakunja miguu, anaanguka na kulala chali, amekufa. Baada ya muda anafufuka, anakwenda zake. Kwa hiyo wengine waliwaita kifaurongo. Wakusanyaji wetu wa kwanza waliwatupa wengi wakidhani ni mizoga. Fundi aliweka mdudu juu ya kitambaa cha kofia ambayo haijaisha, akakaa. Hakumpuliza, hakumtikisa. Angeweza kungoja muda ambao mimi naandika barua mbili. "Anatusikiliza," alikuwa akisema kwa sauti ya chini. "Nyamaza, Karani, mtoto wa watu ana hofu." Mdudu aliponyoosha mguu wa kwanza, Fundi alitabasamu kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akimtabasamia binadamu yeyote.

Kwa binadamu hakuwa na subira hata ya kijiko. Mteja akimuuliza mara mbili kofia itakuwa tayari lini, alimrudishia kitambaa chake. Alikataa kabisa kumshonea jirani mmoja, mtu wa heshima, kwa sababu siku moja alimwona akimpiga punda usoni. Miaka tisa walikuwa wakisalimiana vizuri, "Shikamoo," "Marahaba," na kofia hakumshonea. Papo hapo alikuwa mtu wa kutia wadudu ndani ya chupa ya sumu siku baada ya siku. Kabla ya kuwatia alisema bismillahi, kisha akawaomba radhi, kwa Kiswahili, kama mtu anayepita katikati ya wageni waliokaa mkekani. Nilimuuliza siku moja kama anadhani wanamsikia. Akanijibu kwamba hajui, lakini yeye anajisikia. Na mtu huyu aliyeingia vichakani bila viatu, asiyejali siafu wala nyoka, alikuwa akiogopa vyura. Akimwona chura kwenye mtungi atapiga kelele mpaka mkewe aje na ufagio, na mkewe hakuchoka kutusimulia.

Sasa nieleze alichokigundua, kwa maana nisipokieleza makosa yangu yataonekana madogo.

Siku moja alikuwa ameshika fukusi mmoja aliyekufa, anajaribu kwa ncha ya sindano kumfunua mgongo, aone mabawa. Mdudu wa kawaida mgongo wake una vifuniko viwili, vinafunguka, na mabawa yamekunjwa chini yake. Huyu hakufunguka. Akachukua mwingine, na mwingine. Kisha akaja ofisini kwangu mbio, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Karani, mwambie bwana shamba. Koti limeshonwa."

"Koti gani?"

"La mgongoni. Mshono umefungwa toka juu mpaka chini, na ndani hamna mabawa. Hawa hawaruki. Hawajapata kuruka."

Nikamtafsiria bwana shamba, naye akasema ni kweli, imeandikwa vitabuni kwamba wengi wa jamii ile hawaruki. Kwa bwana shamba ikaishia hapo. Kwa Fundi ndiyo kwanza ilianza. Kama mdudu haruki, alisema, basi anatembea tu, na kwa miguu ile atafika wapi? Kati ya kichaka cha Zinga na kichaka cha Makurunge kuna mashamba, mchanga, barabara. Wa Zinga huoa Zinga na kufia Zinga. Atakuwaje sawa na wa Makurunge?

Akaanza kwenda mwenyewe. Alitoka alfajiri na mwavuli mweusi, akaufungua chini ya matawi ukiwa umepinduliwa, akayapiga matawi kwa fimbo, wadudu wakadondokea ndani. Zinga, Makurunge, na kule juu Kiwangwa. Akakaa nao miezi. Mwisho akatupanga mbele yake, bwana shamba na mimi, akatueleza kama mtu anayeeleza ndugu wa mke. Wote ni ukoo mmoja: pua pana, mfereji ubavuni mwa pua ambamo kipapasio hulala, mabega yaliyoanguka, koti lililoshonwa. Lakini milango ya ukoo huo ni mitatu. Wa Zinga ana mstari mweupe ubavuni, na paja la mguu wa mbele lina jino dogo. Wa Makurunge hana jino, na pingili ya kwanza ya kipapasio chake inalipita jicho. Wa Kiwangwa ana vinyweleo mgongoni, vimesimama. Na anayekula pamba, akasema, ni wa Makurunge peke yake. Wale wengine hawaigusi. Aliwafungia ndani ya chandarua pamoja na miche wakafa njaa.

Alituonyesha na jambo jingine ambalo bwana shamba alilitafuta kitabuni akalikuta. Fukusi hawa wanapotoka ardhini mara ya kwanza wana vijipembe viwili mdomoni, vya kuchimbia njia. Wakishatoka, vinadondoka, pakabaki kovu. Fundi alikuwa akilitazama kovu lile na kusema huyu mzee, huyu juzi tu kakata kitovu. Bwana shamba akamshika mkono. Fundi akauchomoa haraka, akasema anataka kwenda kuswali, na adhuhuri ilikuwa bado. Ndivyo alivyokuwa: mwenyewe akijisifu saa nzima ni sawa, mwingine akimsifu neno moja anatoroka.

Ikaamuliwa sanduku lipelekwe kwa mtaalamu, wadudu mia na kitu, ukoo mzima na milango yake mitatu. Kila mdudu na kadi yake alikuwa kwenye pini yake, na chini yake, kwenye pini hiyo hiyo, kikaratasi cha Fundi chenye jina la mahali na siku. Fundi aliandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa katika chuo cha Kurani. Mtaalamu asingeweza kuzisoma. Kazi yangu ilikuwa kuandika vikaratasi vipya kwa herufi za Kizungu, kwa wino mweusi, na kuvitia mahali pa vile vya zamani. Fundi alinipa amri moja tu.

"Mmoja mmoja, Karani. Toa, andika, rudisha, ndipo umguse wa pili."

Ilikuwa Ijumaa, kumi la mwisho la Ramadhani. Mke wangu alikwishatangulia Dar es Salaam kwao, na lori ambalo ningelikosa siku ile nisingelipata tena kabla ya Idi. Sanduku lilitakiwa liwe limefungwa kabla sijaondoka. Nikaanza mmoja mmoja, na hesabu ikaniambia nitamaliza usiku. Nikaona nina akili. Nikachomoa vikaratasi vyote, nikavipanga kwenye sinia kwa safu, kama vile wadudu walivyopangika ndani ya sanduku, ili niandike vyote kwa mkupuo, wino ukauke kwa pamoja. Nilikuwa nimevaa kanzu kwa ajili ya Ijumaa. Siku nyingine ofisini nilivaa suruali, na mara nyingi nimefikiri juu ya suruali ile iliyokuwa imetundikwa nyumbani. Niliinuka kufunga dirisha, nikageuka, pindo la kanzu likalikumba sinia, vikaratasi vyote vikaenda chini.

Nilipiga magoti nikavitazama. Halafu nikawatazama wadudu. Walikuwa wote rangi moja ya vumbi. Ule mstari mweupe wa ubavuni ni unga tu, hupukutika wakishikwashikwa. Jino la mguuni sikuliona hata kwa kioo, maana miguu ilikuwa imekunjwa, na mimi sikuwahi kujifunza kuangalia, nilikuwa najifunza kucheka.

Nyumba ya Fundi ilikuwa mwendo wa nusu saa. Angekuja, angewapanga upya wote kabla ya kufuturu, na angenitukana mpaka Idi ya mwaka wa pili. Hayo ndiyo yote yaliyokuwa yananingoja, matusi ya mtu mmoja. Sikwenda. Niliona haya ya kusikia, "Nilikwambia mmoja mmoja." Nikakaa nikaandika vikaratasi kwa mwandiko wangu mzuri, Zinga, Makurunge, Kiwangwa, nikavichomeka kwenye pini kwa kubahatisha, sanduku likafungwa, nikapata lori. Vile vya Fundi sikuvitupa jalalani, kwa kuwa kwetu karatasi yenye herufi za Kiarabu haitupwi, hata ikiwa imeandikwa bei ya dagaa. Nilivifukia nyuma ya msikiti, tena nikanawa mikono. Nilikuwa na adabu kwa karatasi.

Baada ya Idi Fundi alikuja na sahani ya halua kutoka kwa mkewe. Akauliza, "Mmoja mmoja?"

"Mmoja mmoja," nikasema.

Barua ilirudi baada ya mwaka na zaidi. Bwana shamba alikuwa na Kiswahili cha bustani tu, cha lete na mwagilia, hivyo barua zote alizomsomea Fundi nilizitafsiri mimi. Ile aliisoma pole pole, uso umemwiva. Mtaalamu alisema ameona tofauti zilizotajwa, za jino na vinyweleo na kipapasio, lakini kila namna imetoka kila mahali, zimechanganyika ovyo. Kwa hiyo ni aina moja tu yenye kubadilika badilika sura. Hayo madai ya kila kichaka na wake hayana msingi. Akamalizia kwamba mkusanyaji ama haoni vizuri, ama anaandika mahali popote panapomjia kichwani, na kwamba asitumiwe tena sanduku la mtu huyo.

Siku zote nilikuwa nikipunguza makali ya barua. Ile niliitafsiri yote, neno kwa neno, kwa kuwa niliogopa nikianza kupunguza nitasema na lisilokuwemo. Fundi alisimama mikono nyuma.

"Anasema nimechanganya mimi?"

"Ndivyo anavyosema."

"Wa Zinga ameandikwa wa Makurunge?"

"Anasema wamo wote, kila mahali."

Pale ndipo. Kama nina mahali pamoja maishani pa kurudi nikasimame tena, ni pale, mbele ya meza ile, na neno moja mdomoni. Fundi alichukua fukusi mmoja kwenye kisahani, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, akamleta karibu, akampeleka mbali, akamrudisha.

"Mimi namwona ana jino," akasema. Alikuwa haniambii mimi. Kisha akamweka chini. "Basi ni macho."

Ningeweza kuvumilia angekasirika. Angesema Mzungu yule ni mjinga, ningemuunga mkono kwa nguvu zote. Lakini mtu aliyejivuna kwa kitu kimoja tu, ukimwambia kitu hicho kibovu, hana pa kusimama. Wiki ile ile alikuwa na kofia ya bwana harusi, imebaki safu mbili. Akaifumua yote mpaka mwanzo, akamrudishia baba wa bwana harusi kitambaa na uzi, akasema afadhali amwambie sasa kuliko mtoto wa watu aende kuoa na kofia ya kipofu. Mji mzima ukapata la kusema. Kule msikitini wazee wa baraza wakawa wanamtania, hasa yule bwana mnene: "Fundi, hebu nitazamie kofia yangu, au leo huoni?" Zamani angemrudishia la kwake. Siku hizo alicheka nao, akaenda zake.

Bwana shamba, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema kama wadudu wote ni aina moja basi vichaka vyote ni hatari kwa pamba. Kichaka cha Zinga kikakatwa na kuchomwa. Akina mama wa Zinga walikuwa wakichuma mabungo humo na kuokota kuni. Walikuja kwa Fundi kumwomba akaseme, kwa kuwa walimwona akipita na mwavuli wake mwaka mzima, na aliwahi kuwaambia fukusi wa kwao hali pamba. Akawaambia, "Wanangu, mimi nilikosea kuona." Nilikuwepo. Nilikuwa nimebeba mafaili, nikaendelea kuyabeba. Moshi wake uliingia mpaka ofisini, na sijui kama mdudu yule mwenye mstari mweupe yupo tena mahali popote duniani. Miguu ile haikuwa ya kukimbia moto.

Fundi akaingia kwenye makuti. Alisema ni kazi ambayo mkono unaijua wenyewe. Mimi nikawa mteja wake mkubwa. Paa langu halikuwa linavuja, lakini niliagiza, nikaagiza tena, mpaka mke wangu akauliza kama tunajenga nyumba ya pili. Nilikuwa nampelekea sukari, nampa shikamoo kwa kuinama, namuuliza hali ya mgongo wake. Yeye akawa ananipenda zaidi kuliko zamani. Aliwaambia watu, "Karani ni mtu wa utu, hakunicheka siku ile." Nikisikia hivyo niliagiza makuti mengine. Nilipopewa uhamisho wa Morogoro nilifurahi, na hilo nalo naliandika.

Nilirudi pwani baada ya miaka kumi na mitano hivi, mvi zimeniingia, nimestaafu. Watu walikuwa wakizungumza siasa kila baraza, na pale kituoni palikuwa pamefungwa. Nilimkuta Fundi kwa binti yake, nyuma ya soko, asubuhi, amekaa kwenye kiti cha kamba. Mkewe alikuwa amekwishafariki. Macho yote mawili yalikuwa meupe.

"Shikamoo, Fundi."

Akageuza sikio. "Marahaba. Sauti hii naijua. Karani?"

"Ndiye mimi."

Alifurahi mpaka akataka kuinuka. Binti yake akaleta kahawa, akaniambia kwa sauti ya chini, lakini baba yake akasikia, kwamba ni mtoto wa jicho, kwamba mganga wa hospitali alikwishawaambia miaka mingi nyuma wampeleke Dar akafanyiwe, na mzee akakataa katakata.

"Nikafanyiwe nini?" akasema Fundi. "Macho haya yaliharibika zamani, enzi za wadudu. Muulize Karani, alikuwepo. Sasa yamemaliza tu kazi yaliyoianza."

Nilikuwa nimejitayarisha miaka yote ile. Nilikuwa na maneno ya utangulizi, yenye kanzu na lori na mke aliyetangulia, yaliyopangwa vizuri kama barua ya ofisi. Yote yakanitoka kichwani. Nikasema, "Hayakuharibika, Fundi. Vikaratasi nilivichanganya mimi. Nilivichomoa vyote kwa pamoja, vikaanguka, nikabahatisha. Ulipouliza nikakwambia mmoja mmoja. Nilisema uongo."

Binti yake alikuwa ameshika birika. Hakumimina wala hakuliweka chini.

Fundi alingoja muda ambao zamani alikuwa akimpa fukusi. Mimi nilikuwa nalia, na nilishukuru kwamba haoni, kisha nikakumbuka kwa nini haoni.

"Wa Zinga," akasema mwishowe. "Jino alikuwa nalo?"

"Alikuwa nalo."

"Na mstari?"

"Na mstari. Uliona vizuri, Fundi. Yote uliyoyaona yalikuwepo."

"Kwa hiyo yalikuwa mazima."

"Yalikuwa mazima."

Nilingoja anitukane. Nilikuwa nayataka matusi yale, nimeyakimbia tangu Ijumaa ile. Hakunitukana, wala hakusema amenisamehe, na sikuwa na uso wa kumwomba. Aligeuka alikokuwa binti yake. "Umesikia?" Akasema amesikia. "Kamwite mumeo." Mkwewe akaja kutoka uani, mikono ina udongo, akanisalimia kwa heshima, hajui kitu.

"Sema, Karani," Fundi akasema.

Nikasema tena, mbele ya yule mwanaume na mbele ya wajukuu wawili waliomfuata. Akapita jirani mlangoni, akapiga hodi ya kuomba moto. Fundi akamkaribisha ndani, akamkalisha. "Sema." Nikasema mara ya tatu. Ilikuwa inazidi kuwa fupi kila mara, kanzu na lori vilikuwa vimekwishadondoka njiani, pakabaki kwamba nilichanganya, nikasema uongo, akasingiziwa yeye.

Adhana ya adhuhuri ikalia. Fundi akaomba fimbo yake, akanyoosha mkono hewani mpaka ukalipata bega langu, akalishika sawasawa. Tukatoka. Hakuwa na haraka. Tulipoukaribia msikiti akaniambia yule bwana mnene angali hai, na wale wengine wa barazani wamebaki watatu, wote watakuwepo leo, ila umri umewaharibu masikio, kwa hiyo tukimaliza kuswali itabidi niseme kwa sauti.